Mama mdogo wa mume wangu anaitwa mchawi na ukoo unataka ahame: jibu kwa mwalimu wa Arua

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Arua, Uganda. Mke wa tatu wa marehemu baba mkwe wangu, mama wa zaidi ya miaka 60 asiye na mtoto wa kiume, anatuhumiwa kwamba amewaua watu wawili kwa uchawi. Wa kwanza ni shemeji yangu wa miaka 32, aliyevimba tumbo na macho yakawa ya manjano kabla hajafa. Wa pili ni mtoto aliyefariki kwa homa na degedege miezi mitatu baadaye. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ametoa barua yenye muhuri inayomtaka mama huyo ahame kwa amani kabla ya mwisho wa mwezi, na kila nyumba imeambiwa itoe shilingi 20,000 ili aletwe mpiga ramli kutoka Kongo. Mume wangu amenyamaza. Sheria inasemaje, na mimi niliyeolewa tu katika ukoo huu nifanye nini bila kuvunja nyumba yangu?

Jibu: Mwalimu, pole sana kwa misiba miwili iliyofuatana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale ulipoandika kwamba mama huyu hana mtoto wa kiume, kwa sababu nimekuwa wakili wa wajane wa kaskazini na wa kwenu West Nile kwa miaka mingi, na sentensi hiyo, au nyingine inayofanana nayo, hukutwa karibu katika kila jalada la aina hii. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa una siku chache na huna mtu karibu wa kumuuliza.

Nianze na barua ya mwenyekiti, maana ndiyo iliyowekewa tarehe. Barua hiyo haina nguvu yoyote ya kisheria. Mahakama za LC zinafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2006, ambayo imezipa mambo ya kusikiliza kama vile madeni, uharibifu wa mali, migogoro ya ardhi ya kimila, ndoa za kimila na suala la nani awe mrithi wa kimila; hazina mamlaka ya kusikiliza shtaka la uchawi, haziwezi kumfunga mtu, wala haziwezi kumfukuza mtu kijijini kwake. Uwezo wa kumfukuza mtu kwa sababu ya uchawi uliwahi kuwepo katika sheria zetu, nao ulikuwa mikononi mwa mahakama za mahakimu peke yake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957 iliruhusu mahakama kumzuia mtu aliyekutwa na hatia asikanyage nyumbani kwake kwa muda itakaouweka. Katika miaka ya 1990 mahakama ya Aduku, katika eneo la Lango, ilimhukumu mwanamume mmoja kifungo na kisha akae mbali na nyumba yake kwa miaka 10. Kesi yake ilifika Mahakama ya Katiba mwaka 1997 na Mahakama ya Juu mwaka 1999, na majaji wakaamua kwamba kumtoa mtu katika makazi yake na kumkatia chakula, malazi na riziki yake ni adhabu ya kikatili isiyoruhusiwa na Katiba. Katazo la adhabu za kikatili ni miongoni mwa haki chache ambazo Ibara ya 44 inasema haziwezi kupunguzwa kwa hali yoyote ile. Ikiwa hata hakimu aliyesikiliza mashahidi hawezi kumfukuza mtu aliyemtia hatiani, kikao cha ukoo kilichokaa chini ya mwembe kinapata wapi uwezo huo juu ya mama ambaye hakuna lililothibitishwa dhidi yake?

Kwa hiyo usiichane barua hiyo na usikubali irudishwe kwa mwenyekiti, hata akija kuiomba kwa upole. Ipige picha kwa simu, kisha uitunze ile yenyewe nje ya kijiji, kwa mtu unayemwamini. Inaonyesha nani aliyemtaka mama ahame, lini, na kwa muhuri gani.

Sheria ya Uchawi yenyewe bado ipo, nawe unapaswa kuijua vizuri kabla hujaitaja mbele ya watu, kwa kuwa inakata pande zote mbili. Kumtishia mtu kwamba utamuua kwa uchawi kunaweza kuleta kifungo cha maisha. Kujifanya au kujitangaza kuwa mchawi kunaweza kuleta miaka 5. Tiba ya asili inayofanywa kwa nia njema imetengwa, haihesabiwi kuwa uchawi. Hatari iko hapa: familia inaweza kumpeleka mama polisi ikidai kwamba yeye ndiye mshtakiwa, na askari, kwa nia nzuri kabisa, wakamweka mahabusu kwa usalama wake. Nimeliona hilo likitokea. Mama anatoka baada ya siku mbili, na kijijini inasemwa kwamba serikali nayo imemkamata, basi maneno yalikuwa ya kweli. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba mama aende kituoni yeye kwanza, akiwa mlalamikaji, aeleze vitisho alivyopewa, ataje majina ya waliosema na siku waliyosema, na asiondoke bila namba ya kitabu cha matukio, ile ambayo askari wetu huiita SD. Kutishia kumdhuru mtu ni kosa, kuchoma nyumba ni kosa, kuingia katika mji wa mtu kwa nguvu ni kosa, na yote hayo hayahitaji mtu yeyote athibitishe kama uchawi upo au haupo.

Tena mama asikubali kukiri. Utasikia wazee wenye hekima wakisema kwamba akikubali tu na kuomba msamaha mambo yatatulia. Hayatatulia. Maneno ya mwanamke aliyezungukwa usiku na vijana wenye fimbo hukumbukwa kama ushahidi kwa miaka mingi, na msiba wa tatu ukitokea hakuna atakayeita kikao tena.

Sasa nikupe maoni yangu kuhusu imani yenyewe, maana najua shuleni watu watakutazamia uwahubirie kwamba uchawi haupo. Usifanye hivyo sasa. Mzazi aliyemzika mwanawe wiki chache zilizopita hana nafasi ya mjadala huo, na ukiuanzisha utaonekana unaidharau huzuni yake. Watu hawa wanauliza swali la haki kabisa: kwa nini nyumba yetu, kwa nini watu wawili, kwa nini sasa? Kosa lao ni kukubali jibu la haraka kutoka kwa mtu anayelipwa kulitoa. Ninaamini jambo moja ambalo limenikaa moyoni kwa miaka yote ya kazi hii, kwamba wanawake hawa hupatwa na maafa pale kifo na shamba vinapojadiliwa katika kikao kimoja, na kwamba yeyote anayeweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili, kila kimoja kikapata siku yake na watu wake wa kukiangalia, ameshamtoa mama huyo katika hatari kubwa.

Chukua kifo kwanza. Mimi si daktari, lakini nimekaa na madaktari mahakamani vya kutosha kujua kwamba kijana wa miaka 32 mwenye macho ya manjano na tumbo lililojaa maji ni picha ambayo hospitali zetu za kaskazini zinaijua sana. Homa ya ini aina ya B imekuwa mzigo mzito upande huu wa nchi, kiasi kwamba serikali ilipoanza kampeni ya kuwachanja watu wazima mwaka 2015 ilianzia kaskazini. Virusi hivyo mara nyingi huingia mwilini utotoni, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kati ya watoto wanaokua pamoja, vikakaa kimya miaka 20 au 30 huku vikila ini polepole, mpaka siku moja mtu aliyekuwa na nguvu za kulima tumbaku anaanza kuvimba na kukonda kwa pamoja. Fikiria jinsi jambo hilo linavyoonekana kwa wasiojua. Anakufa ndugu mmoja, baada ya miaka michache mwingine wa tumbo lile lile, kwa dalili zile zile, na kwa kuwa virusi hutembea ndani ya nyumba, vifo navyo hutembea ndani ya nyumba. Ni kama kuna mtu anayewahesabu. Hapo ndipo jicho linapomwendea mke mwenza wa mama yao.

Siwezi kukuambia kwamba shemeji yako alikufa kwa ugonjwa huo. Hilo litaonekana katika karatasi zake za matibabu, nawe uzitafute hata kama ni kipande tu cha daftari la kliniki. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ndugu zake walio hai, akiwemo mume wako, wanapaswa kupimwa, na kwamba wasiokuwa na virusi wanaweza kupewa chanjo ya dozi tatu. Hebu litazame hili pia kama mwanamke wa ukoo huo: mpiga ramli akimtaja mama, na mama akafukuzwa, virusi vitabaki nyumbani pamoja na watoto wako.

Mtoto aliyekufa kwa homa na degedege sina haja ya kumzungumzia sana. Sisi tunaotumia Kiswahili tulikuwa na jina la ugonjwa huo, pamoja na hadithi ya ndege wa usiku anayewapitia watoto, kabla hatujajua kwamba malaria inaweza kupanda kichwani na kumuua mtoto kwa siku mbili. Eneo lenu ni miongoni mwa yale yenye malaria nyingi zaidi nchini Uganda.

Huenda wengine hawasemi uchawi bali wanasema sumu. Kwenu West Nile hofu ya sumu ni kubwa na ya miaka mingi. Kama hilo ndilo neno linalotumika, lishike, kwa sababu sumu ni kitu kinachopimika. Ikitokea kifo kingine cha ghafla, familia ina haki ya kuomba polisi waagize uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi, na sampuli zinaweza kupelekwa katika maabara ya serikali ya uchunguzi iliyoko Wandegeya, Kampala. Anayesema kuna sumu halafu anakataa kipimo, mwombe aeleze mbele ya wazee kwa nini anakikataa.

Si mara ya kwanza nchi yetu kupita hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wa mwalo wa Kasensero, pembeni mwa Ziwa Victoria, walipoanza kukonda na kufa, wengi waliamini kwamba wamelogwa na wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka waliodhulumiwa mali zao. Ilikuwa silimu, yaani UKIMWI. Waliotafuta wa kumlaumu walipoteza miaka ambayo ingeweza kuokoa watu.

Nije kwenye shamba. Hukuniandikia lolote kuhusu shamba, Mwalimu, na ukimya huo nimeuona. Mjane asiye na mtoto wa kiume, aliyebaki katika ardhi ya marehemu, ndugu wa mume wakiwa wameongezeka na viwanja vikiwa vimepungua: uliza kimya kimya ni nani atakayelima pale mama akiondoka, na umtazame mtu huyo anapozungumza kikaoni. Sisemi kwamba kila anayemtuhumu ana tamaa. Wengi wanaogopa kweli, na hofu yao inastahili kuheshimiwa. Lakini hofu ya wengi inaweza kupandwa na mmoja mwenye hesabu zake. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyekaa na Walugbara wa huko kwenu kati ya 1949 na 1952, aliona kwamba tuhuma za aina hii zilizuka zaidi pale ndugu wa ukoo mmoja walipogombea madaraka na ukoo ulipokaribia kugawanyika. Huko Meatu, katika nchi ya Wasukuma wa Tanzania, mwanauchumi Edward Miguel alionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kwamba mauaji ya walioitwa wachawi yaliongezeka maradufu katika miaka ya ukame au ya mafuriko, miaka ya njaa, na kwamba waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, wakiuawa kwa kawaida na jamaa zao wenyewe. Mvua haijui uchawi. Chakula kikipungua, huhesabiwa midomo ndani ya nyumba, na anayeonekana kuwa ziada ni yule aliyetoka nje kwa kuolewa na ambaye mume wake hayupo tena kumsemea.

Sheria ya ardhi na sheria ya urithi zinamlinda kuliko anavyodhani. Katiba, katika Ibara ya 33, inakataza mila zinazovunja utu wa mwanamke. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inabatilisha uamuzi wa kimila unaomnyima mwanamke matumizi ya ardhi kwa kuwa ni mwanamke, na marekebisho ya sheria ya urithi ya mwaka 2022 yamefanya kumtoa mjane katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe kuwa kosa la jinai. Sheria ya mwaka 2010 dhidi ya ukatili wa nyumbani nayo inawahusu shemeji na watoto wa mume, si mume peke yake, na inahesabu kumnyima mtu riziki kuwa ukatili. Chini yake hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi. Msaada wa bure wa kisheria upo: chama cha mawakili wanawake, FIDA-Uganda, kimefanya kazi hii tangu mwaka 1974. Namba 116, ya Sauti, huduma ya simu ya kuripoti ukatili, hupokea simu bila malipo, na kituo chochote kikubwa cha polisi kina dawati la ulinzi wa watoto na familia. Afisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola yenu naye ahusishwe mapema, kwa kuwa anaweza kuingia katika mji ule bila kuonekana amekuja kukamata mtu.

Je, mama aondoke kwa muda? Hapa ninakwenda kwa uangalifu, kwa sababu niliwahi kukosea. Mama mmoja aliniuliza swali hilo hilo, nami nikamwambia abaki, sheria iko upande wake. Nyumba yake ilichomwa kabla barua yangu haijafika mezani kwa aliyepaswa kuisoma. Alitoka hai, akiwa na nguo aliyovaa tu. Tangu hapo nasema: uhai kwanza. Ikiwa kuna vitisho vya usiku, ikiwa vijana wameanza kunywa na kupita karibu na nyumba yake, alale kwa binti yake au kwao. Lakini aende baada ya kuandikisha malalamiko polisi, aende akiwa amesema mbele ya watu wawili au watatu kwamba anakwenda kutembea na atarudi, afunge mlango kwa kufuli, aache mihogo yake shambani na mtu wa kuipalilia. Haki yake juu ya ardhi haifutiki kwa kulala kwa binti yake siku 30. Anayeondoka kimya usiku huhesabiwa kuwa amekiri, na shamba hugawanywa kabla majivu ya jikoni kwake hayajapoa.

Watu wa kwao waitwe, na hili naomba ulifanye kabla ya jambo lingine lolote. Kaka zake, au watoto wa kaka zake kama kaka hawapo tena, waje mchana, wakae, wasalimie, waulize binti yao ana kosa gani. Katika mila zenu ndugu wa mwanamke wana sauti hata baada ya miaka 40 ya ndoa, na damu yake ikimwagika wao ndio watakaodai. Nimeona kikao kilichokuwa kikipiga kelele kikashuka sauti kwa sababu wanaume wanne wa ukoo mwingine walikuwa wameketi tu, hawajasema neno.

Kuhusu wewe mwenyewe: usisimame peke yako kikaoni kumtetea. Mke aliyeolewa akimtetea mtuhumiwa waziwazi, neno la pili huwa kwamba amefundishwa na yeye ni mwenzake. Zungumza na wake wengine wa ukoo mmoja mmoja, kisimani au sokoni; wao pia watakuwa wajane siku moja, na wengi wanalijua hilo. Tafuta mchungaji, padri au imamu anayeheshimiwa na wazee. Mpe mzee mmoja mwenye busara habari ya homa ya ini, ili yeye ndiye aiseme.

Vijana nao waambiwe ukweli kuhusu mahakama, maana kuna uvumi kwamba jaji humwelewa anayemuua mchawi. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyotoka Uganda, iliwapunguzia kosa watu waliomuua mtu waliyemkuta usiku penye mji wao akifanya kitendo walichoamini, hapo hapo mbele ya macho yao, kuwa ni uchawi. Mwaka 1951 mahakama hiyo hiyo ilibana mlango huo: imani au hofu peke yake haitoshi. Anayekaa kikaoni, akapanga, akasubiri giza, akaenda na wenzake, ameua kwa kukusudia, na sheria inawahesabu wote waliokuwa na nia moja, si aliyeshika panga tu. Ile orodha ya nyumba zilizotoa shilingi 20,000 ndiyo karatasi ya kwanza ambayo mpelelezi ataiulizia damu ikimwagika.

Na kuhusu mume wako, nisingemlazimisha aseme. Amefiwa na ndugu yake, na pengine anaogopa kwamba akifungua mdomo ataambiwa anamlinda aliyemuua. Mwombe jambo moja tu: asiitoe hiyo 20,000 kwa mpiga ramli. Akiulizwa, aseme kwamba amempelekea fundi wa maabara hospitalini, kwamba amepimwa ini kwa sababu ya marehemu, na kwamba ndugu yake yeyote anayetaka kwenda kesho yake, nauli ya boda boda iko mkononi mwake.